Nilivyoacha kumtegemea jirani wa mbali

Nilipotandaza vihisi 40 vya kupima unyevu wa udongo kuzunguka bwawa, niliamua data isafiri kwa kufuata mahali. Kila nodi, yaani kihisi pamoja na redio yake, inajua ilipo, inajua majirani zake walipo kwa salamu fupi wanazotumiana, na inajua kituo cha kukusanyia kilipo. Haitunzi jedwali la njia za mtandao mzima, na kwa kifaa chenye kumbukumbu ndogo hilo ndilo lililonivutia.

Kila niliyemuuliza nodi imchague jirani yupi alinijibu vilevile: mpe pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, jirani aliye karibu zaidi na kituo, basi. Kwenye programu ya uigaji mambo yalikwenda vizuri ajabu. Uwanjani, zaidi ya nusu ya pakiti hazikufika.

Nikaambiwa niongeze nguvu ya redio. Nikaongeza, na siku mbili nilishangilia kuona majirani wa kila nodi wamekuwa wengi. Nilipohesabu pakiti, upotevu ulikuwa uleule, na betri zinashuka mbio. Nikapandisha hadi mwisho. Hakuna kilichobadilika. Wiki nzima ilipita ndipo nikaona kwamba nilikuwa nalisogeza tatizo mbele tu: redio ikifika mbali zaidi, nodi inamwacha jirani mzuri wa jana na kumkimbilia mwingine aliye ukingoni kabisa, ambaye salamu yake moja ilisikika kwa bahati. Mawimbi hayachori duara lenye ukingo safi. Kati ya kusikika na kutosikika kuna eneo pana ambamo pakiti moja inafika na mbili zinapotea, na ile kanuni ya "aliye karibu zaidi na kituo" inakutupa humo humo kila mara. Walionishauri hawakulitaja hilo hata kidogo, na bado linaniudhi.

Nilichofanya ni kuzipa salamu namba za mfuatano. Namba zikiruka, najua ngapi zimepotea. Ila hiyo ni safari ya kuja tu. Kwa hiyo kila salamu hubeba pia hesabu ya jinsi nodi iliyoituma inavyomsikia mwenzake, nami nazidisha pande zote mbili. Kisha nachukua mita ambazo jirani ananisogeza kuelekea kituo, nazizidisha kwa uwezekano wa kufika. Jirani wa mita 50 mwenye 0.2 anapata 10. Wa mita 30 mwenye 0.9 anapata 27. Huyo wa pili ndiye anayepewa. Nguvu ya redio nikairudisha ilipokuwa, na pakiti zikaanza kufika. Nilifurahi mno.

Likabaki bwawa. Nodi iliyo ukingoni mwake haina jirani aliye karibu na kituo kuliko yenyewe, hivyo pakiti inakwama. Nilitumia GPSR, itifaki (kanuni za kupitisha pakiti) ya Brad Karp na H. T. Kung ya mwaka 2000: pakiti iliyokwama hulizunguka pengo kwa kanuni ya mkono wa kulia, juu ya viungo kati ya nodi vilivyopunguzwa visikatane: kiungo cha nodi mbili hufutwa kukiwa na nodi ya tatu kati yao. Kwangu miti ilileta shida kwa kuzuia mawimbi: upande mmoja unaisikia nodi ya tatu na kufuta kiungo ambacho mwingine, usioisikia, bado unakitegemea. Sasa kiungo hakifutwi mpaka nodi zote mbili zikubali kwamba zinaisikia ile ya tatu. Pakiti nazo ziwekee kikomo cha hatua, zisije zikazunguka bila mwisho. Na mahali pa nodi pima kwa utepe. GPS chini ya miti ilinikosesha mita kadhaa.

Nodi za kando ya bwawa ndizo zinazobeba mzigo wa wengine, kwa hiyo nimezifungia betri kubwa zaidi.