Nyonga ya maboksi

Ninafundisha ukunga. Wanafunzi wangu walikuwa wakikariri vipimo vya nyonga kama wimbo: mlango wa juu sentimita 13 ubavu kwa ubavu, 11 mbele kwa nyuma, katikati 12 kila upande, mlango wa chini 11 kwa 13. Kwenye mtihani wanapata zote. Ukiuliza kwa nini mtoto huingia akitazama ubavuni mwa mama na kutoka akitazama mgongo wake, kimya. Ubaoni mtoto hazunguki.

Tulikuwa na nyonga moja tu ya plastiki kwa wanafunzi zaidi ya 40. Jioni moja niliiazima nikaipima. Nikakata vipande vitatu vya boksi gumu, kila kimoja na tundu lake, nikaviunga kwa vijiti, kisha nikazungushia magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano. Wiki haikuisha, panya wa stoo wakaila. Ya pili nikatumia gundi ya mbao.

Lakini panya hawakuwa shida kubwa. Ile ya pili niliijenga imenyooka kama bomba, na wanafunzi wakawa wanamvuta mdoli moja kwa moja. Njia ya kweli inashuka ikielekea nyuma, halafu inapinda kuja mbele. Nikaibomoa, nikaanza upya.

Kichwa cha mdoli nilikishona kwa vitambaa, nikakishindilia kikawa kigumu: upana 9.5, paji hadi kisogo 11.5, kidevu hadi utosini 13.5. Shingo niliiacha ilegee. Chini ya nyonga nikafunga vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vikiteremka kuelekea mbele, badala ya misuli. Hapo ndipo siri ilipo: kinachogusa misuli hiyo kwanza husukumwa mbele, na mtoto aliyeinamisha kichwa vizuri hugusa kwa kisogo.

Siku ya somo sikueleza kitu. Niliwapa mdoli. Kundi la kwanza lilimwingiza akitazama mgongo wa mama, akakwama juu; 11.5 haiingii kwenye 11. Wakamgeuza ubavu, akaingia, akakwama tena chini. Mmoja akamzungusha kidogo akiwa ndani, akatoka. Darasa likapiga makofi kama wamezalisha kweli. Kisha wakagundua wenyewe kwamba kidevu kikigusa kifua kichwa kinapita bila taabu, kwa sababu kinachotangulia sasa si tena 11.5, bali ni kutoka chini ya kisogo hadi utosini, 9.5.

Kundi la nyuma likainua kidevu hadi paji likatangulia. Wakasukuma, wakageuza kila upande.

"Mwalimu, huyu hatoki."

"Pimeni."

Wakapima: 13.5. Wakatazama namba zao za wimbo, hakuna inayofika hapo. "Kwa hiyo huyu ni wa kupelekwa upasuaji," binti mmoja akasema, taratibu, mkono wake bado uko ndani ya boksi.

Nyonga yetu sasa nailaza kwenye ndoo yenye mfuniko. Panya bado wapo.