Maziwe kwa siku moja kutoka Tanga

Safari ya Maziwe hupangwa kwa kutazama mwezi wa angani, si kwa wikendi. Kile ni kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, na maji yakijaa kinazama chote. Chagua siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu: bahari hutoka sana, na kupwa huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata sogeza mbele dakika 50 hivi. Maji mafu yakiingia, yaani siku za nusu mwezi bahari inapotoka kidogo, kupwa ni jioni, na hapo safari imeharibika.

Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 hivi; ondokeni alfajiri. Anayepandia boti Ushongo, ufukwe ulio kusini ya Mto Pangani, akumbuke kwamba lazima avuke mto huo kwa pantoni, na foleni ndiyo inayokula muda.

Mivinje ya kisiwani ilikufa zamani, kivuli hakuna. Beba turubai, fito nne na maji lita tatu kwa kila mtu. Ulizia ada ya hifadhi kabla ya kulipia boti. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, nahodha akisema hapana, msibishane naye. Nendeni mkatembee Boma, jengo la kale la serikali mjini Pangani, na mtoni.