Wewe si una miguu?

Mkaguzi wa hesabu amekuja ofisini na ameondoka, binti wa pili amevishwa pete, maji yalikatika siku tatu yakarudi. Na mimi kwa mawazo bado niko palepale Bahi, magharibi ya Dodoma, pa Jumamosi, juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, vidole kwenye breki, natafuta jibu.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, kwenye njia ya udongo inayotoka Bahi mjini kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Mzee alikuwa ameegemeza baiskeli yake ya Foniksi kivulini, gunia la mpunga limelala juu ya keria, anakaza mipira. Nikasimama nimsalimie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo baiskeli keria yake iko wapi?"

"Haina, mzee."

"Imekatika?"

"Hapana, haikuwahi kuwa nayo."

"Sasa inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Akanitazama taratibu, kuanzia helmeti mpaka viatu. "Wewe si una miguu?"

Watoto wawili waliokuwa wakiswaga ndama wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko cha mgeni. Mzee akaongeza neno kuhusu upepo, sikumsikiliza, nilikuwa nimeshakanyaga pedeli.

Majibu yamekuja baadaye, ndiyo kawaida yake. Jumapili kanisani nililipata moja: inabeba macho yangu nikaone tindiga, kile kinamasi cha Bahi. Nikalitupa. Mtu aliyekesha shambani akilinda mpunga humwendei na habari za macho. Jumatatu kwenye daladala likaja jingine: inabeba mafuta ya tumbo, nayapeleka Bahi nikayaache. Hilo lingemchekesha, ila si kweli, baba watoto ni shahidi.

Kwa kuwa halitoki, acha niandike ile njia ya Bahi niliyowaahidi tangu Machi, huenda nikiandika litachoka, likae chini.

Kutoka katikati ya mji wa Dodoma ni kilomita 55 hivi kwa barabara kuu ya Singida, lami mwanzo mwisho. Ukishaiacha Nala, mji umekwisha, na mibuyu inaanza. Dodoma tuko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, Bahi iko chini yetu kwa karibu mita 300, kwa hiyo kwenda ni kuteremka. Si mteremko wa kushika breki. Ni ule mwembamba usioonekana, unaomfanya mtu adhani mazoezi yake yamezaa matunda. Na upepo wetu, mnaujua, unatoka mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia miezi hii ya baridi unakaza kamba mpaka Oktoba. Kwenda Bahi unakusukuma mgongoni. Kilomita 25 kwa saa huku unapiga mluzi.

Kurudi ndiko kunakoleta kilio. Njia ileile sasa inapanda, upepo uko usoni, jua liko kichwani. Nilikwenda kwa saa mbili na robo, nikarudi kwa saa nne na nusu, kilomita 12 kwa saa, gia ya chini kabisa. Na lita tatu za maji hazikutosha, nilinunua mbili njiani. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya safari kwa mwendo wa asubuhi, utakwama. Pima kwa mwendo wa kurudi.

Malori nayo hayalali. Hii ndiyo barabara ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Ukisikia moja nyuma na unaliona jingine mbele, fahamu kwamba watapishana hapo ulipo wewe, toka kwenye lami mapema ungali unachagua pa kutokea. Kuna sehemu ukingo wa lami umeachana na changarawe kwa kimo cha kiganja. Ukishuka kwa kuambaaambaa, tairi la mbele linang'ang'ania ukingo na unaangukia upande wa lori. Kata ukingo kwa pembe pana, uzito wa mwili nyuma, mikono imelegea. Kupanda tena kwenye lami ni hivyohivyo, na kama huna nafasi ya kukata vizuri, simama, inyanyue baiskeli. Hakuna aibu.

Bahi penyewe ni bakuli. Mto Bubu unateremka kutoka pande za Kondoa, unamwaga maji yake bondeni, na maji hayana pa kutokea, hayafiki baharini. Yanakaukia hapohapo na kuacha chumvi. Sisi msimu wetu wa mvua ni mmoja, Disemba hadi Aprili, kwa hiyo Februari na Machi tindiga limejaa na njia nyingi za ndani zimezama. Mei na Juni maji yamejirudi nyuma, mpunga unavunwa, yangeyange wamesimama kwenye majaruba yaliyokatwa kama mashati yaliyoanikwa. Huu ndio wakati wa baiskeli. Septemba njia ni ngumu kama saruji, lakini utakachokiona ni vumbi.

Udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka, na zipo nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba la milimita 28, ndiyo maana nililiacha. Ukilowa hata kidogo, unanata. Mita 20 tu na tope limejaa kati ya tairi na fremu, gurudumu haliendi. Hapo watu hukosea kwa kukanyaga kwa nguvu. Cheni inavuta, kile kikono cha gia cha nyuma kinaingia kwenye spoku, kinakatika, na safari imeishia hapo. Shuka, ibebe begani, pangua tope kwa kijiti likiwa bado bichi. Tahadharini na ukoko mweupe wa chumvi. Juu unaonekana mkavu, chini ni uji. Angalia nyayo za ng'ombe: zikiwa na maji yanayong'aa ndani, hata kama pembeni pamekauka, usipite. Pita juu ya kingo za majaruba kama umeruhusiwa, na ukikuta mtu amebeba, wewe ndiye wa kushuka.

Tairi la milimita 35 au 38 linatosha. Mimi wa kilo 70, kwenye lami najaza upepo psi 50, nikiingia njia za udongo napunguza hadi 35. Halafu kuna mbigili. Miiba ya migunga unaiona, mbigili huioni mpaka baiskeli inaanza kuyumba nyuma. Ukiona moja, jua ziko nne. Usilizungushe gurudumu kuziondoa kwa viatu, zing'oe moja moja kwa vidole, na ukishatoa tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kitanasa pale mwiba ulipobakiza ncha. Anayeruka hatua hii huziba kiraka na kutoboka tena baada ya dakika tano, kisha analaumu kiraka.

Kiraka chenyewe: kwangua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni (gundi ya kiraka) nyembamba, subiri dakika tano mpaka ising'ae tena, ndipo ubandike na kukandamiza. Kwa jua letu solusheni inakauka haraka juu na kubaki mbichi chini, kwa hiyo ipakie kivulini. Tyubu ya solusheni ikishafunguliwa hukauka ndani ya mfuko, beba mbili ndogo badala ya moja kubwa. Na tyubu za akiba mbili, hilo halina mjadala.

Cheni msipake oili ya gari. Oili ya gari ikikutana na vumbi la Bahi lenye chumvi inakuwa msasa. Paka kilainishi chepesi tone moja kila kiungo, subiri, kisha futa cha juu chote mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ukifika nyumbani osha kwa maji matamu siku hiyohiyo, usingoje Jumapili. Kujua kama imekwisha, pima viungo 24 vinavyofuatana kwa rula, pini hadi pini: mpya ni sentimita 30.5, ikikaribia 30.65 ibadilishe kabla haijala meno ya nyuma, maana hayo ndiyo ghali.

Nimejisoma hapo juu, naona naandika kwa hasira. Eti nina cha kumthibitishia mzee.

Kumbe katika kumtafutia jibu nimejikuta naiona baiskeli yake upya, na ninavyozidi kuiona ndivyo ninavyonyamaza. Gurudumu lake la nyuma lina spoku 40, langu 28. Keria yake si ile ya dukani. Imeongezewa vipande viwili vya nondo vilivyochomelewa, vinashuka mpaka kwenye ekseli, hivyo uzito hauning'inii kwenye fremu, unakwenda chini. Gunia hakulilaza katikati ya keria kama ningefanya mimi. Alilisogeza mbele mpaka likagusa kiti, kwa kuwa uzito ukipita nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na tairi la mbele linanyanyuka kwenye mwinuko. Mipira aliyokuwa anakaza ni tyubu kuukuu zilizochanwa kwa urefu, amezipitisha kwa msalaba, na kila mzunguko anaweka goti kwenye gunia kwanza, anavuta, ndipo anafunga. Tairi lilijazwa mpaka ukilipiga kwa ukucha linalia.

Halafu rimu. Yake inaitwa inchi 28, yangu madukani nayo huitwa inchi 28, lakini si ndugu. Tairi lake linakaa kwenye kipenyo cha milimita 635, langu 622. Tairi langu likichanika kule, Bahi nzima haina la kuniokoa, isipokuwa tyubu yake, ambayo inaingia kwenye tairi la 38 bila ugomvi. Yaani kama ningepata ajali, aliyeniuliza inabeba nini ndiye angekuwa na cha kunipa.

Na jana usiku, nikiandika haya jikoni, nikakumbuka kitu kingine. Nilipogeuka kuangalia nyuma, mzee hakuwa anaondoka. Alikuwa ameshamaliza kufunga gunia, na alikuwa anakaa chini. Saa tatu na nusu, mzigo tayari, tairi limejaa, na mtu anakaa kivulini.

Ndipo lile neno la upepo likarudi lote: "Ukirudi, subiri upepo ulale."

Hakuwa ananitania. Au alimaliza utani na akaanza kunifaa, mimi nikaondoka katikati. Upepo huu unaamka saa tatu hivi jua likishapasha ardhi, unapiga mpaka alasiri, na baada ya jua kuzama unalegea mpaka alfajiri. Nimeishi nao miaka yote, nimeandika mwelekeo wake kwenye daftari la kijani ukurasa kwa ukurasa, na sikuwahi kuandika saa zake. Nimecheka peke yangu mpaka baba watoto akauliza kuna nini.

Kurudi baada ya jua kuzama na malori yale sishauri, hata uwe na taa nne. Lakini gesti za Bahi zipo. Ukilala huko, ukala perege na ugali wa mtama, ukaondoka saa 12 na robo kunapopambazuka, utapanda kwa kilomita 17 kwa saa pasipo kugombana na mtu. Saa tatu kasoro uko Nala, upepo ndio kwanza unajinyoosha. Nimelifuta pendekezo la kwenda na kurudi siku moja, kwa peni nyekundu. Wanaoanza waende kwanza bwawa la Hombolo, kule sheria inageuka: barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, kata kushoto, asubuhi unapambana na upepo ukiwa na nguvu zako na mchana unasukumwa nyumbani. Bwawa lile ni la mwaka 1957, na mashamba ya zabibu yako karibu. Safari ya Mtera ni ya siku mbili, itasubiri.

Leo mchana nimepita kwa fundi wangu wa Majengo kuulizia keria. Akainama, akatafuta matundu ya kufungia kwenye fremu, hayapo. Anasema iko ya kubana kwenye nguzo ya kiti, haibebi zaidi ya kilo 10. Kilo 10 za mchele wa Bahi, basi. Nimemwambia aitafute.

Kuku wa madoa leo ametimiza siku ya 23 akiatamia, mayai 11, na bado kimya. Siku 21 zilipita juzi. Nimeweka sikio mara tatu usiku huu, sisikii mlio wala kudonoa. Shemeji anasema niyaweke moja moja kwenye maji ya vuguvugu, lenye kifaranga litatikisika. Naogopa kumtoa kwenye kiota, naogopa pia kumwacha, maana hata mahindi hajagusa tangu jana asubuhi.