Gogo la ufukweni kabla halijaingia kwenye tanki la samaki

Masika yakipita nenda Kunduchi au Mbweni asubuhi maji yakiwa yametoka, utakuta mizizi na magogo kibao yamelala mchangani, mengine bahari imeyachonga vizuri kuliko yale ya dukani na hulipi hata shilingi. Sasa shida inaanza pale mtu anapolisuuza bombani, anatupa macho kidogo kuona limetakata, afu moja kwa moja kwenye tanki. Jamani hapana. Hilo gogo lina chumvi, lina wadudu na mayai yao, na lina rangi na utomvu, vyote hivyo vinatakiwa vitoke kwanza.

Kuchagua ndo kazi yenyewe. Chukua mti mgumu uliokufa zamani, mkavu kabisa hadi ndani, bonyeza kwa kucha, kama inazama basi umeoza, ukiuweka majini utamomonyoka na kuchafua maji. Ukikwangua ukasikia harufu ya utomvu uache, ndo maana msonobari siutaki hata kuuona. Mkorosho pia achana nao, utomvu wake unaunguza hata ngozi ya mtu. Na kama hujui ni mti gani, kumbuka wavuvi wa zamani walikuwa wanatwanga utupa, mmea wenye sumu ya samaki, wanamwaga majini samaki wanaelea wenyewe, kwa hiyo usiniambie mti ni mti tu. Vipande vya madau mabovu navyo viache hapo hapo, sehemu ya chini ya chombo hupakwa shahamu na chokaa ili wadudu wa baharini wasiitoboe, juu kuna rangi, katikati misumari yenye kutu.

Mkoko uliokwishakufa ukaletwa na maji ni mzuri sana, mzito, una mikunjo ya ajabu. Ila usiende kukata ulio hai, mikoko yetu ni misitu ya hifadhi, na hata ukikata bado ni mbichi haukufai.

Haya, ukifika nyumbani toa magome yote kwa kisu, sugua kwa brashi ngumu, sabuni usiguse wala dawa ya kufulia nguo nyeupe, mbao inanyonya kila kitu afu inakuja kukitema taratibu samaki wakiwa ndani. Kisha lizamishe kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, weka jiwe juu, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. La baharini linataka wiki kadhaa, siyo siku. Na hapa watu wa Dar tuangalie, visima vingi huku maji yake yana chumvi chumvi, sasa unatoa chumvi kwa maji ya chumvi? Tumia ya mvua au ya bomba. Kujua kama imetoka, anika gogo juani likauke kabisa, ukiona weupe kama unga unajitokeza juu bado, rudisha kwenye pipa. Lililookotwa mtoni au ziwani hii ya chumvi hailihusu.

Baada ya hapo ndo unachemsha, saa moja mpaka mbili, maji yakiwa kama chai ya rangi mwaga weka mengine, rudia mpaka yapauke. Chemshia nje, mvuke wa mti usioujua siyo wa kuvuta jikoni, na tafuta sufuria yako mwenyewe, ile ya pilau ukiigusa mtagombana nyumba nzima. Kama halienei mwagia maji yanayochemka pande zote kisha liendelee kukaa kwenye pipa muda mrefu zaidi. Likigoma kuzama lifunge kwenye jiwe bapa kwa mshipi wa kuvulia au skrubu za stenlesi.

Sasa kuna kitu watu hawaulizi kabisa, samaki wako wanalitaka? Gogo hata likichemshwa linaendelea kutoa rangi kidogo kidogo na kushusha pH, yaani maji yanazidi kuwa na asidi. Neoni tetra na ndugu zake wa kule Amazoni wanafurahi, beta naye hana neno. Ila hawa siklidi wetu wenyewe wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye pH inayokaribia 9, na mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, nao wanapenda pH ya juu, hao wajengee mapango ya mawe, gogo weka dogo au usiweke. Kwa maoni yangu tanki la mbuna lililojaa magogo ni kupendeza machoni pa mwenye nyumba tu.

Wiki za kwanza utaona ute mweupe umelivaa gogo kama kamasi, usipaniki ukatupa kila kitu, ni ukungu na bakteria wanakula sukari iliyobaki kwenye mti, haudhuru samaki. Utoe usugue na brashi urudishe, au waachie konokono, wanaumaliza wenyewe. Ukiona unarudi kila mara na gogo linabonyea na maji yananuka yai viza, hilo limeoza ndani, litoe.