Wiki tatu kitandani ziliuchosha mwili kuliko miaka 30

Kuna utafiti mmoja siuachi kuusimulia kila nikikutana na mtu anayependa mambo ya mazoezi. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani wiki tatu, yani hakuna kusimama wala kutembea, alafu wakawapima uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni. Ulishuka zaidi ya robo! Kikubwa kilichowaangusha ni moyo, kila pigo lilikuwa linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo. Wakapewa mazoezi kama miezi miwili hivi, uwezo ukarudi na wengine wakapita hata pale walipoanzia.

Sasa utamu uko hapa, miaka 30 baadae wakatafutwa walewale watano, washakuwa watu wazima wa miaka 50 wameongezeka uzito na mafuta mwilini, wakapimwa tena na ikaonekana zile wiki tatu za kulala ziliwashusha zaidi kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Nilivyosoma mara ya kwanza nilirudia sentensi hiyo, maana tumezoea kuusingizia umri kila kitu.

Wakafanya mazoezi ya miezi sita, ya kiasi tu ya kutembea, kukimbia polepole na baiskeli, wakarudisha kiwango walichokua nacho wakiwa na miaka 20 kabla ya kulazwa. Ni watu watano tu ndio, wachache mno, lakini kupima miili ileile kwa miaka 30 ni kitu adimu sana.