Pete ya Mama na Mizani ya Mzee

Nyuki ndio walioanza. Mama alikuwa shambani Chamwino, wakamuuma mkono wa kushoto, na kabla hajafika zahanati kidole cha pete kilishavimba kama muhogo. Muuguzi hakubembeleza, alichukua koleo akaikata pete. Mama alisema kule kukatwa kulimuuma kuliko nyuki.

Ilikuwa mwaka 2019. Pete hiyo baba alimvisha mwaka 2008, wakati watu walipomiminika Winza, kule Mpwapwa, kufuata rubi. Baba alikuwa dereva, akipeleka unga na maji machimboni. Mchimbaji mmoja aliyekosa nauli alimpa kijiwe chekundu kisichozidi punje ya mtama, naye akakitia kwenye pete. Sasa baba hayupo, pete imekatika, na mtoto anayekaa mjini ni mimi.

Nilikuwa na hofu. Shangazi aliwahi kupeleka mkufu kuungwa, ukarudi mwepesi, akakosa pa kushika kwa sababu hakuupima kabla. Sonara wa kwanza niliyemwendea, si mbali na Soko la Majengo, aliitazama pete mara moja tu, akaitupia kwenye droo yenye pete za watu wengine. "Njoo jioni dada, usiwe na wasiwasi." Wasiwasi wenyewe nilikuwa sijautaja. Nikaomba pete yangu, akanuna.

Wa pili alikuwa mzee, ofisi yake haizidi upana wa kitanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, karibu."

Aliiweka pete kwenye mizani, akaigeuza upande wangu nisome mwenyewe: gramu 3.4. Akaandika daftarini. Kisha akabana lenzi jichoni, akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Kito chako kina ufa, mwembamba kama unywele. Njoo uone."

Niliuona, unatoka ukingoni kwenda katikati. Akachora duara daftarini, akapitisha kamstari pale ufa ulipo. "Siku ya kuchukua tutautafuta. Tukiukosa, hicho si kito chako." Akasema atakitoa kwanza kabla ya kuchomelea, rubi huvumilia moto, lakini yenye ufa haiamini.

"Umesema hii ni dhahabu safi?"

"Mama ndivyo anavyosema."

Akanionyesha muhuri ndani ya pete: 375. Karati 9. Katika sehemu 1,000 za madini yale, dhahabu ni 375 tu, zilizobaki ni shaba na ndugu zake. Nilijisikia kama nimemfumania baba. Mzee hata hakunitazama usoni, alikuwa anaeleza kazi: kidole cha mama hakikurudi unene wake wa zamani, kwa hiyo pete lazima ipanuliwe kwa kuongeza kipande, na kipande kiwe cha karati 9 vilevile, la sivyo rangi itasema. "Itarudi nzito. Ikirudi na gramu zilezile, niulize."

Nilisubiri palepale. Alizima feni, akafunga mlango, maana upepo wa Dodoma mnaujua. Alipopiga tupa, unga wa njano ulidondoka kwenye kipande cha ngozi alichotandaza mapajani. Akaukusanya kwa brashi, akaukunja kwenye karatasi ya daftari. "Na huu ni wako." Ulikuwa mdogo hata chafya ingeumaliza. Nikaupokea, kwa aibu kidogo.

Mizani ilisoma 3.8. Ufa tuliukuta mahali pake.

Jioni niliipeleka Chamwino. Mama alikuwa jikoni anapika mlenda. Akafuta mikono kwenye kanga, akaivaa, ikapita kwenye kifundo bila kusukumwa. Nikamsimulia habari ya mizani, ya ufa, nikampa na ile karatasi ya unga.

"Alikwambia ni dhahabu gani?"

"Alisema ni nzuri, mama."

Akanitazama kitambo, akageukia sufuria yake.