Kabla ya kuchagua programu ya kurekodi, pima kuchelewa kwa sauti

Ukirekodi sauti moja kwa programu ya Audacity kisha kwa Pro Tools, kwa maiki ileile na kadi ya sauti (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) ileile, biti 24 kwa 48,000 Hz, hakuna sikio litakalozitofautisha. Kwa hiyo swali la programu ipi ina “sauti nzuri” liwekwe kando. Programu huachana katika mambo mengine: zinavyoelewana na kadi yako, zinavyokuruhusu kurudi nyuma unapokosea, na leseni.

La kwanza ndilo linalowaumiza wengi. Mwimbaji akijisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, anaanza kuuvuta wimbo nyuma ya mdundo, na hakuna uhariri utakaoficha hilo vizuri. Chanzo ni bafa, yaani kiasi cha sampuli (vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kila sekunde kwa 48,000 Hz) ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia. Kwa 48,000 Hz, bafa ya sampuli 256 ni milisekunde 5.3, ya 1,024 ni zaidi ya 21. Na hiyo ni safari ya kwenda tu, bado kurudi. Ukipunguza bafa mno, kompyuta dhaifu hushindwa na unasikia mikwaruzo. Rekodi kwa 128 au 256, halafu ukifika kwenye miksi panda hadi 1,024 ili plagini (programu ndogo za kuongeza madoido ya sauti) zipumue.

Kwenye Windows, bafa ndogo zinahitaji draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kadi) ya ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg. Pakua draiva ya kampuni iliyotengeneza kadi yako. ASIO4ALL ni kiraka cha kadi isiyo na draiva yake, nayo hukorofisha mara kwa mara. Na hedifoni za Bluetooth? Zisahau kabisa wakati wa kurekodi, zinachelewa mno.

Hapa ndipo Audacity inapojikwaa. Ni ya bure, nyepesi, na kwa podikasti, hotuba au kusoma habari sioni sababu ya kutafuta nyingine. Lakini toleo lake la Windows limesambazwa kwa miaka mingi bila ASIO, kwa sababu za leseni. Pia, kiasi chake cha kufidia kuchelewa, yaani muda ambao inaisogeza rekodi mpya ili ilingane na ya zamani, kimewekwa milisekunde -130 tangu mwanzo, namba ya kukisia tu, isiyojua kadi yako. Ukipanga vokali (sauti za kuimba) juu ya vokali bila kuirekebisha, zinapishana. Dawa yake: unganisha waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi la kuingizia, tengeneza mlio wa metronomu, urekodi huku ukiucheza, kisha pima pengo kati ya mlio wa asili na uliorekodiwa. Rekebisha namba hiyo mpaka milio hiyo miwili iendane.

Kwa anayerekodi muziki kwenye laptopu ya kawaida, chaguo langu ni Reaper. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya bei nafuu ni dola 60 kwa matumizi binafsi au biashara inayoingiza chini ya dola 20,000 kwa mwaka. Ukiiunganisha na kadi, juu kulia kwenye dirisha inakuonyesha bafa na milisekunde zake, hivyo hukisii. Kasoro yake ni kwamba haiji na ala za kutosha za kutengenezea midundo. Kazi hiyo FL Studio inaifanya vizuri zaidi, ila toleo lake la majaribio hukuruhusu kuhifadhi kazi bila kuifungua tena, na matoleo yake hayalingani, kwa hiyo hakikisha lile unalolipia linarekodi vokali. Mwenye Mac aanze na GarageBand, tayari amepewa.

Kuhusu kreki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, mbali na wizi wenyewe: mara nyingi hubeba virusi, na unaogopa kuisasisha isije ikafa katikati ya albamu ya mteja. Programu ya bure ni salama kuliko ya bei kubwa iliyovunjwa kufuli.

Prodyuza akikutumia mdundo, omba WAV (faili ya sauti isiyobanwa) na BPM (idadi ya mapigo kwa dakika), si MP3. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni, gridi (mistari ya mapigo kwenye programu) inaachana nao kidogo na unabaki kujiuliza kwa nini kila ukikata sehemu inakosa mahali pake. Maiki iweke ili vilele vya sauti viguse kati ya -12 na -6 dB. Nafasi ya diski nayo ihesabu: traki moja ya mono kwa biti 24 na 48,000 Hz hula takriban MB 8.6 kwa dakika.

Umeme ukikatika ovyo kwako, washa hifadhi ya kiotomatiki kila dakika 5. Na unapohamisha kazi kwenda programu nyingine, usitume faili ya mradi, kwani kwa kawaida haitafunguka. Toa kila traki kama WAV, zote zikianzia sekunde sifuri hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili.